Hesabu Ziishie Nyumbani

Kwa miaka kadhaa nilisimama nyuma ya meza ya ruleti hapa Dar es Salaam, usiku mpaka alfajiri, nikizungusha gurudumu na kugawa karata, yaani kazi ya dila. Kazi hiyo niliiacha, sasa nina shughuli zangu, ila watu wanaonifahamu hawajaacha kuniuliza: "Dada, nikienda kasino niende na shilingi ngapi?" Wiki hii ameniuliza shemeji yangu. Wenzake kazini wamepanga kutoka Ijumaa, naye hajawahi kukanyaga humo. Nilimtumia ujumbe wa sauti mrefu mpaka akanicheka, basi nimeona niuandike vizuri, huenda ukamfaa na mwingine.

Nianze na wale wasiotakiwa kuendelea kusoma. Kama dini yako imekukataza, imekukataza, na mimi sina neno la kuongeza juu yake. Kama hujafika miaka 18, sheria ya nchi haikuruhusu, na dila mwenye akili hatakugawia karata. Na kama unakwenda kutafuta ada ya mtoto, kodi ya nyumba au hela ya kulipa deni la mtu, tafadhali rudi. Nimewaona watu wa aina hiyo kwa ukaribu ambao ndugu zao hawakuwahi kuwaona. Mtu aliyekuja kutafuta ada hawezi kuinuka akiwa ameliwa nusu, kwa sababu nusu haimlipii mtoto. Anakaa mpaka iishe yote.

Waliobaki, tuanze na hela yenyewe.

Hela unayoingia nayo, kabla hujavuka mlango iwe imeshatumika kichwani mwako. Ukilipa kiingilio ukumbini kwenda kusikiliza taarabu, hutoki alfajiri unadai urudishiwe chako. Umekaa, umetunza, umecheza, hela imefanya kazi yake. Mtaji wa kasino ni hivyo hivyo. Ukirudi nayo yote au imeongezeka, alhamdulillahi. Ukirudi mikono mitupu, kesho yako nyumbani isibadilike hata kidogo: unga upo, luku ipo, nauli ya wiki ipo. Kiasi ambacho kikipotea kitakufanya umdanganye mwenza wako ulikuwa wapi, hicho kimeshazidi.

Nasema hivyo kwa sababu ya hesabu, na hesabu hii kila dila anafundishwa kabla hajaruhusiwa kugusa gololi, ile inayozunguka kwenye gurudumu mpaka itulie kwenye namba. Gurudumu la ruleti la Ulaya lina namba 37: kuanzia 1 hadi 36, nusu nyekundu na nusu nyeusi, na sifuri moja ya kijani. Ukiweka dau kwenye namba moja ikatoka, unalipwa 35 kwa 1, yaani shilingi 35 kwa kila shilingi uliyoweka. Lingekuwa gurudumu la haki kabisa ungelipwa 36 kwa 1. Pengo hilo ndilo mshahara wangu ulikotoka, pamoja na umeme, viyoyozi na soda za bure. Ukiligawa kwa namba zote 37 linatoka asilimia 2.7 ya kila shilingi inayowekwa mezani, iwe umeweka kwenye namba, rangi, shufwa au witiri. Yapo magurudumu ya Kimarekani yenye sifuri mbili, namba 38, na malipo yale yale ya 35. Hapo makato yanafika asilimia 5.26. Kwa hiyo kabla hujakaa, tazama kitambaa cha meza: ukiona sifuri moja tu, kaa, ukiona na sifuri pacha pembeni yake, tafuta meza nyingine. Hiyo peke yake inapunguza gharama yako ya usiku kwa nusu na haihitaji kipaji chochote.

Sasa tuweke shilingi. Meza iliyojaa watu, dila anafikisha mizunguko 35 mpaka 40 kwa saa, maana kuna madau mengi ya kulipa na chipu nyingi za kupanga, vile vidonge vinavyotumika mezani badala ya hela. Tuseme unaweka 5,000 kwenye nyekundu, ambayo ikitoka unalipwa sawa na dau lako, kila mzunguko, mizunguko 40. Umepitisha mezani 200,000, na makato ya wastani ni kama 5,400. Si hela ya kutisha. Tatizo ni kwamba hiyo 5,400 huioni ikitoka. Unachokiona ni bahati ikikupandisha na kukushusha. Watu watatu wakicheza saa hiyo kwa namna hiyo, wawili watamaliza mahali fulani kati ya kuliwa 30,000 na kuongeza 20,000. Wa tatu anaweza kuwa chini zaidi au juu zaidi. Yule aliyeongeza atakwenda kuwaambia wenzake amegundua mbinu. Hajagundua kitu. Bahati yake imefunika makato kwa saa moja, na saa zikiongezeka makato yanaanza kuonekana.

Ndiyo maana swali la "niende na shilingi ngapi" halijibiki bila la pili: "niweke ngapi kila mara?" Watu wanalibeba la kwanza na kulisahau la pili, na la pili ndilo linaloamua usiku wako utakuwaje. Chukua 200,000. Ukiigawa madau ya 5,000 unapata 40. Ili uishiwe ndani ya mizunguko 40 ni lazima upoteze yote 40 bila kupata hata mmoja, jambo ambalo sijaliona na sitegemei kuliona. Una uhakika wa kukaa saa yako nzima, na aghalabu mbili au tatu. Hela hiyo hiyo ukiigawa madau ya 20,000 unapata 10 tu, na hapo uwezekano wa kuwa mtupu kabla saa haijaisha ni takribani mara moja kati ya saba. Mtu anakuja amevaa, amelipa teksi, amemwahidi rafiki yake usiku mzuri, kisha saa tatu na nusu anatafuta mashine ya kutolea fedha. Hakuwa na mkosi. Aligawa vibaya.

Lakini nisikudanganye upande wa pili, kwa sababu hapa ndipo wengi wanaojiita washauri wanapodanganya. Dau dogo linakununulia muda, halikununulii faida. Ukisema "sitoki mpaka 200,000 iwe 400,000 au iishe", na unaweka 5,000 kwenye rangi, utafanikiwa takribani mara moja tu kati ya kumi. Ukiweka 20,000 utafanikiwa kidogo zaidi ya theluthi. Ukiweka zote kwa mpigo mmoja kwenye nyekundu, karibu nusu, asilimia 48.6. Unaona kinachotokea? Kadiri unavyokaa, ndivyo asilimia 2.7 inavyopata nafasi nyingi zaidi za kukukata. Hakuna mgawanyo unaoufanya mtaji uwe ajira. Kwa hiyo chagua unachokinunua. Kama ni jioni, saa mbili tatu za kukaa na marafiki na kushangilia gololi, gawa vipande vidogo. Kama unachotaka ni kuongeza kipato, mlango wa kasino si mahali pake, na ningekwambia hivyo hata siku nilipokuwa navaa sare yao.

Kanuni yangu, niliyompa shemeji: mtaji uwe na madau yasiyopungua 40, na dau lisibadilike usiku mzima. Lisipande ukishinda, lisipande ukiliwa. Meza ikiwa na kiwango cha chini kinachozidi moja ya arobaini ya mtaji wako, meza hiyo si yako leo. Hakuna atakayekucheka ukiamka. Na ukichagua kati ya meza iliyojaa na meza tupu, nenda iliyojaa. Meza tupu inavutia kwa sababu dila anakuhudumia peke yako, lakini anakuzungushia haraka mno, na makato hayahesabiwi kwa saa, yanahesabiwa kwa mzunguko.

Kuna dakika moja ningependa uijue kabla hujaikuta, nayo ni ile ya kubadilisha hela. Unampa dila noti zako, ila haruhusiwi kuzipokea mkononi. Unaziweka juu ya kitambaa. Anazitandaza moja moja ili kamera iliyo juu ya kichwa chake izione, anataja kiasi kwa sauti, msimamizi anaitikia, ndipo anauliza: "Unataka rangi ya ngapi?" Kwenye ruleti kila mchezaji ana rangi yake ya chipu, ili dau lako lisichanganyike na la jirani, na thamani ya rangi hiyo unaitaja wewe palepale, mradi usishuke chini ya kiwango cha meza. Nimeona watu wengi wanaharibikiwa katika sekunde hizo. Wanaume hasa. Amekuja na mpango wa 2,000, pembeni yake amekaa mtu mwenye chipu za 10,000, dila anamtazama, msimamizi anamtazama, mdomo unatamka "elfu kumi" wenyewe. Noti zimeshasukumwa kwenye tundu la sanduku, hazionekani tena. Mbele yake vimebaki vidonge vya plastiki vya rangi ya zambarau ambavyo havifanani na hela hata kidogo, na mkono unavirusha kwa wepesi ambao usingeuona kama angekuwa anahesabu noti. Kwa hiyo tamka kiasi chako nyumbani, kwa sauti, mara kadhaa. Nilimwambia shemeji amtamkie mke wake jikoni: "Rangi ya elfu mbili, tafadhali." Dada yangu alicheka mpaka machozi, lakini Ijumaa hiyo sentensi itatoka bila kigugumizi.

Niliwahi kumhudumia mzee mmoja, mfanyabiashara wa vitenge Kariakoo, ambaye sisi madila tulimwita Mzee Bahasha. Alikuja na bahasha ya kaki, ndani mna 200,000, na hakuwahi kutoa hela nyingine kutoka mahali pengine popote. Chipu za 5,000. Aliweka kwenye rangi au kwenye dazeni, yaani kundi la namba 12, mara chache kwenye namba moja. Akipata, sehemu ya chipu alizipanga mnara wake pembeni kabisa ya ukingo wa meza, na mnara ule haukuguswa tena mpaka anaondoka. Dereva wake alikuwa na amri ya kufika saa sita kamili. Akitokea mlangoni, mzee anamaliza mzunguko uliopo, ananisukumia chipu zake nimbadilishie, anaaga kila mtu pale mezani. Usiku mmoja bahasha iliisha mapema sana. Alisema tu, "Leo mmenila mapema," akaenda kukaa na chai ya tangawizi akizungumza na watu mpaka dereva alipofika. Sura yake ilikuwa ile ile ya siku alizoshinda.

Nilipoacha kazi nilipita dukani kwake kununua vitenge, nikamuuliza ile bahasha aliijazaje. Akaniambia kila Jumapili anafunga hesabu za duka: kodi ya fremu inatoka, mishahara ya vijana inatoka, hela ya mzigo inatoka, ya nyumbani inatoka, zaka inatoka. Kilichobaki anakigawa, na sehemu ndogo inaingia kwenye bahasha. Wiki ambazo hakikubaki kitu, bahasha haikujazwa na yeye hakuja. Nilikumbuka zile wiki ambazo tulidhani anaumwa.

Linganisha na fundi wa aluminiamu aliyekuja usiku mmoja na malipo ya awali ya mteja. Namjua kuwa ni fundi kwa sababu alisema mwenyewe, kwa sauti: "Hii ni ya vioo vya mtu, lazima irudi." Kuna dalili ambazo dila anazisoma kabla mchezaji hajajisomea, na yeye alizionyesha zote. Kwanza aliacha kupanga chipu zake, zikawa rundo. Halafu akaanza kuweka madau baada ya mimi kusema "madau yamefungwa", mkono unakuja wakati gololi imeshaanza kushuka, ikabidi nimrudishie. Akasimama, kiti akakisukuma nyuma. Soda yake ikabaki hajaigusa, barafu imeyeyuka yote. Akawa hatazami tena gololi, ananitazama mimi. Kisha dau likaruka, kutoka 5,000 hadi 20,000 hadi kila alichonacho mkononi. Nilimwambia msimamizi, akaja akamgusa bega, akamshauri apumzike kidogo. Alikwenda kukaa upande wa baa, na kabla chai yake haijapoa alikuwa amerudi. Aliondoka bila hela ya vioo.

Kwa hiyo maandalizi ya kichwa, ukiniuliza mimi, ni kujua dalili zako wewe. Kila mtu ana yake. Jiulize ukikasirika unafanyaje: unanyamaza au unaongea sana? Unatembea au unakaa kimya? Hiyo ndiyo itakayotokea mezani. Mwambie rafiki unayekwenda naye aiangalie, na mkubaliane kabla kwamba akisema "twende nje kidogo", mnakwenda, hakuna mjadala. Na ziko siku za kutokwenda kabisa. Siku umegombana na mtu nyumbani. Siku umetoka msibani. Siku mshahara umeingia na bado hujalipa chochote. Siku hujalala. Ukiwa umekunywa, usianze. Ukianza, usinywe zaidi ya ile unayoizoea, maana vinywaji vya bure havitolewi kwa sababu wanakupenda. Humo ndani hutaona saa ukutani wala dirisha la kukuonyesha kwamba kumekucha. Weka kengele kwenye simu.

Na simu hiyo ndiyo inanisumbua zaidi kuliko kitu chochote. Zamani mtu akiishiwa alilazimika kutoka, apande gari, atafute hela. Njiani akili inarudi. Siku hizi benki nzima iko mfukoni, na mikopo ya simu inapatikana kwa kubonyeza mara chache, na dau la saa saba usiku unalilipa pamoja na riba ya mwezi mzima. Wengi wetu tuna laini mbili. Ile yenye hela iache nyumbani, kadi ya benki pia. Akiba ya kikoba iwe imeshawekwa kikobani kabla ya siku hiyo. Nauli ya kurudi itie mfuko mwingine, tofauti na mtaji, na ikishaingia humo si hela ya kuchezea hata kama ni 5,000 tu na gololi "inakaribia" kutoka kwenye namba yako.

Hapo kwenye "inakaribia" nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo mitaji mingi inapoishia. Juu ya meza kuna ubao wa taa unaoonyesha namba zilizotoka: nyekundu, nyeusi, za moto zilizotoka sana, za baridi zilizotoka kidogo. Watu wanautazama kama kitabu cha mitihani iliyopita, wengine wana daftari na kalamu. Jiulize kwa nini kasino imeulipia ubao ule na kuutundika mahali unapoonekana na wote. Kingekuwa kitu cha kukusaidia kuishinda, wangekitundika? Gololi haikumbuki. Gurudumu likizungushwa mara 37, mtu anatarajia kila namba ije walau mara moja. Ukweli ni kwamba kwa wastani namba 13 hivi hazitoki kabisa. Namba yako peke yake ina uwezekano wa asilimia 36 wa kutoonekana katika mizunguko hiyo yote. Haijachelewa. Ndivyo ilivyo.

Tarehe 18 Agosti 1913, kwenye kasino ya Monte Carlo, nyeusi ilitoka mara 26 mfululizo. Watu walirundika mamilioni ya faranga kwenye nyekundu, kila mzunguko wakiamini kwamba sasa haiwezekani iendelee. Iliendelea. Nafasi ya nyekundu kwenye mzunguko wa ishirini ilikuwa ile ile ya mzunguko wa kwanza: 18 kati ya 37.

Ndugu yake imani hiyo ni kuongeza dau mara mbili kila ukiliwa, mpaka upate, urudishe zote na faida juu. Kila mwezi alikuja kijana mpya akidhani yeye ndiye wa kwanza kuifikiria. Fanya hesabu kwa 200,000 ukianzia 1,000: 1,000, 2,000, 4,000, 8,000, 16,000, 32,000, 64,000. Ukipoteza hizo saba, 127,000 imekwenda, dau linalofuata ni 128,000 na wewe umebaki na 73,000. Mbinu imekufa, na yote hayo ulikuwa unawania faida ya 1,000. Kupoteza mara saba mfululizo kunasikika kama ajali ya nadra. Ukikaa mizunguko 100, uwezekano wa kukutana nako ni zaidi ya theluthi. Hata mwenye hela zisizoisha, meza ina kiwango cha juu cha dau, na kiwango hicho hakikuwekwa kwa bahati mbaya.

Wapo watakaosema wao hawaendi kwenye majengo, wanacheza ndege kwenye simu, ule mchezo ambao ndege inapaa na malipo yanapanda nayo, na usipotoa hela kabla haijapotea umeliwa. Hesabu ni ile ile, imevaa nguo nyingine. Aviator ya kampuni ya Spribe imetangazwa kurudisha asilimia 97, maana yake makato ni 3. Uwezekano wa ndege kufika 2x, yaani dau lako kuzidishwa mara mbili, ni kama asilimia 48.5, hautofautiani na rangi kwenye ruleti. Kinachotofautiana ni kasi. Mezani nilikuzungushia mara 40 kwa saa. Kwenye simu, raundi moja ikiisha nyingine imeshaanza. Mtu akicheza raundi 120 kwa saa kwa 1,000, amepitisha 120,000, na makato yake ni 3,600, zaidi ya mara tatu ya yule wa mezani mwenye dau hilo hilo. Tena hakuna dila wa kumwona mkono ukitetemeka, hakuna msimamizi wa kumgusa bega, hakuna dereva wa saa sita. Kama unacheza huko, weka kiasi cha siku mara moja tu, na ukikimaliza usijaze tena mpaka wiki nyingine. Kampuni nyingi zina sehemu ya kujiwekea kikomo ndani ya akaunti. Kiweke ukiwa na akili timamu, asubuhi, si katikati ya mchezo.

Kushinda nako kunahitaji maandalizi, na watu hawajiandai nako kamwe. Aliyeshinda usiku wa kwanza namhofia kuliko aliyeliwa. Mtaji wako ukiongezeka kwa nusu yake, toa ile nusu, ipeleke kwa keshia ukaibadilishe iwe noti, itie ule mfuko wa nauli. Usiseme "sasa nacheza kwa hela yao." Ikishafika mikononi mwako ni yako, ina thamani ile ile ya hela uliyoitolea jasho. Na kumbuka chipu za rangi za ruleti hazina thamani nje ya meza ile. Mpe dila azibadilishe kuwa chipu za hela, zile zilizoandikwa thamani yake, kabla hujaondoka, ndipo uende dirishani. Wapo waliotoka nazo mfukoni mpaka nyumbani. Likitokea lolote la utata, dau limelipwa vibaya au limesogezwa, usigombane na dila. Mwite msimamizi palepale kabla mzunguko mwingine haujaanza, omba kamera iangaliwe. Kasino yenye leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha ina kamera juu ya kila meza, na mimi mwenyewe nimewahi kushuhudia mchezaji akirudishiwa chake kwa sababu alisema mapema na kwa utulivu.

Shemeji tumepanga hivi. Ataingia na 100,000, kwa sababu ndicho kiasi ambacho yeye na dada yangu wamekubaliana kwamba kikiisha hakuna atakayenuna. Rangi ya elfu mbili, ambayo inampa madau 50. Meza ya sifuri moja, iliyojaa. Laini ya M-Pesa inabaki kwa mke wake. Nauli ya kurudi iko kwenye mfuko wa shati wenye kifungo. Saa tano na nusu kengele inalia, na mwenzake mmoja asiyecheza kabisa, anayekwenda kwa ajili ya nyama choma tu, ndiye ataendesha gari la kurudi.

Anataka pia kujaribu karata ya 21, nami nimemwomba asubiri. Ule ni mchezo wenye makato madogo, kama nusu ya asilimia, lakini kwa anayejua lini aombe karata na lini asimame, mahali ambapo ukipata 21 kwa karata zako mbili za kwanza meza inalipa 3 kwa 2. Siku hizi kuna meza zinazolipa 6 kwa 5, yaani 12,000 badala ya 15,000 kwa dau la 10,000, na mgeni hawezi kuona tofauti mpaka imeshamkata. Jumapili atakuja kwangu na pakiti ya karata, tukae mezani na kikombe cha chai, nimgawie mpaka mkono wake uzoee.